Namna ya Kumjua Mwanamuziki Kabla Jiji Halijamjua

Anza kwa kuzima redio. Redio ni nzuri, ila wimbo ukishapigwa humo asubuhi, hadi jioni umeshaimbwa na konda, na muuza chipsi, na mtoto wa chekechea, nawe utakuwa umefika pamoja nao. Anayetaka kumsikia msanii angali andagraundi hana budi kumfuata kule anakoimba bila kutangazwa, na huko hakufikiki kwa mtu aliyekaa kwenye kochi.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, jambo la kwanza ni kukubali michango. Ndiyo, ile michango ya harusi, ya ngoma ya mtoto na ya kumtoa mwali ambayo unaikwepa kwa kuzima simu. Changa, kisha nenda. Kula pilau, na watu wazima wanapoanza kuaga wewe baki, kwa sababu hapo ndipo muziki unapofunguliwa sawasawa na kijana mmoja mwembamba anapokabidhiwa maiki. Singeli ililelewa katika shughuli za namna hiyo, Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye vigodoro vilivyokwenda mpaka alfajiri. Ilirithi mengi kutoka mchiriku, ule muziki wa vinanda vidogo vya Casio, ikaongeza kasi hadi mapigo yakazidi 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na haukupita muda vijana wa studio ile wakawa wanaitwa kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Hapo ndipo wajuzi wengi wa mjini walipotambua kwamba wanaipenda singeli. Nyuma ya hapo ilikuwa kelele za wahuni.

Waliojua tangu mwanzo ni akina mama wa mtaani, wale wa sare za kitambaa kimoja, waliotoa hela zao kukodi turubai na muziki na kumwamuru MC arudie pale alipopapatia. Hao ndio wagunduzi, na wala hawajawahi kujiita hivyo. Ukitaka kuhesabiwa miongoni mwao, usisimame nje ya turubai na simu juu kama mtalii. Ingia, cheza, na ikibidi shika sufuria.

Kama unadhani haya ni mambo ya vijana wa leo, tafuta wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert. Siti alitoka Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu na kuvinadi kwa kuimba. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodiwa, na santuri zake zikavuka bahari. Lakini mwanamke aliyefungua mlango kununua chungu alikuwa ameshamsikia miaka mingi kabla, bila kiingilio, tena mbele ya kizingiti chake. Mwimbaji Bi Kidude naye alipopewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, waandishi wa Ulaya walimpokea kama habari mpya. Wasichana aliowacheza unyago Zanzibar walikuwa wameshakuwa mabibi. Kwa hiyo vua hedifoni ukienda sokoni. Msikilize mpiga debe anavyovuta jina la kituo, msikilize muuza kahawa, na ukiwa kanisani Jumapili usiishie kwa anayeimba sauti ya juu. Masikio ya kugundua hufanya kazi wakati mikono inanunua nyanya.

Ukifika ukumbini, usimkodolee macho aliye mbele. Huyo ameshatoka. Tafuta anayeitikia, hasa yule ambaye akinyamaza unahisi wimbo umepungukiwa. Mwanamuziki Remmy Ongala alipofika Dar es Salaam kutoka Zaire mwaka 1978 hakuja na bendi yake. Aliingia Orchestra Makassy, akawa mmoja kati ya wengi jukwaani. Aliyeitia alama sauti ile mapema hakubabaika mwimbaji huyo alipohamia bendi ya Matimila na kuwa Remmy tunayemjua. Mwimbaji Mbosso vilevile: kabla ya kuingia lebo ya WCB mwaka 2018 alikuwa Maromboso, mmoja wa vijana wanne wa Yamoto Band kutoka kituo cha Mkubwa na Wanawe kule Temeke. Wengi waliukariri wimbo mzima bila kujua ni nani anayeimba ubeti upi. Jifunze kutenganisha sauti. Ni kazi, inataka kusikiliza wimbo mmoja mara nyingi kuliko jirani yako anavyoweza kuvumilia, lakini haina njia ya mkato.

Bora zaidi, nenda mazoezini. Bendi za dansi hufanya mazoezi mchana, mara nyingi kwenye baa ileile zitakayopiga wikiendi, na bei ya kuingia ni soda moja. Pale utausikia wimbo ukivunjwa na kuungwa upya, utamwona mpiga solo akimsahihisha mwimbaji, na utajua nani mwenye muziki ndani yake na nani mwenye shati zuri tu.

Usiwategemee majaji. Majaji wa mashindano humsikiliza mtu kwa dakika chache, naye anatetemeka. Mwimbaji Harmonize alijaribu bahati yake kwenye mashindano ya Bongo Star Search akarudi mikono mitupu. Mwaka 2015 akatoka na wimbo wa Aiyola, na nchi nzima ikaimba. Kwa hiyo mashindano yakirushwa, chukua kalamu uandike majina ya wanaotolewa. Halafu mtembelee kijana wa kibanda cha kurusha nyimbo kwenye flashi. Usimuulize wimbo upi unatamba, maana hilo unalijua. Muulize wimbo upi wateja wanautaka bila kujua jina lake wala la aliyeuimba, wanaishia kumwimbia kipande. Huo ndio wa kuufuata.

Sasa umempata. Ana nyimbo tatu, hana hata picha ya maana, na anapanda bodaboda kwenda kwenye shoo akiwa ameshika kinanda mapajani. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, na hapa sitaki utani. Kumjua msanii mapema ni deni. Lipa kiingilio, hata kama mlangoni amesimama binamu yako. Mtunze hadharani akiimba, noti ionekane, ili na wenzako waone haya. Na umtangaze. Remmy na Super Matimila walifika kwenye jukwaa la tamasha la WOMAD mwaka 1988 baada ya rafiki kuchukua kaseti yao na kwenda nayo Uingereza. Mwaka uliofuata lebo ya Real World ikatoa albamu yao ya Songs for the Poor Man. Mtu mmoja, kaseti moja, mkoba wa safari. Angeifungia kabatini ili abaki yeye peke yake na siri yake, angekuwa mjuzi mkubwa sana na sisi tungekosa mengi. Leo pale Sinza kuna kituo kinachoitwa Kwa Remmy, na konda anayekitaja alizaliwa Remmy akiwa ameshazeeka.

Kuna watu ambao msanii akianza kujaza uwanja wao hununa. "Kabadilika. Wa zamani ndiye alikuwa mwenyewe." Wasikilize vizuri utagundua hawaulizi kama muziki umeshuka. Kinachowauma ni foleni. Walizoea kumpata kwa soda moja, sasa tiketi inauzwa na wao hawatambuliwi mlangoni. Mpenzi wa kweli wa muziki hufurahi siku msanii wake anapoweza kulipa kodi ya nyumba. Kama wimbo mpya ni mbovu, sema ni mbovu na uoneshe ulipoharibika. Hiyo ni haki yako na ni heshima kwake. Kumtaka abaki maskini ili wewe ubaki wa kwanza ni choyo, hata kikivalishwa suti ya uchambuzi.

La mwisho ni daftari. Video ya simu isiyo na jina wala tarehe haimsaidii mtu, na simu yenyewe itaibwa. Andika: ilikuwa lini, mtaa gani, nani alipiga solo, nani alipiga besi, nani alikuwa kwenye tumba, nani aliitikia. Muziki mwingi wa dansi wa miaka ya 1970 tunao kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam iliziita bendi studio na kuzirekodi kwenye mikanda. Zilizopiga bila kurekodiwa, nyingine nzuri kwelikweli, tunazo kwenye vinywa vya wazee tu, na wazee wanatutoka. Vigodoro vya leo vina hatari hiyohiyo.

Daftari hilo lina faida nyingine. Akija mtu kukwambia alimjua fulani tangu hajatoka, usibishane naye. Muulize jina la mpiga besi. Akilitaja, mvutie kiti na uagize chai, maana huyo mna mengi ya kuzungumza.