Prosesa ya Mjomba, Madabodi ya Baba Mdogo

Sisi Wasamia mpaka ulitukata katikati. Nyumbani kwetu Masinya, ujombani ni Kenya, kwa baba ni Uganda, na kila upande unajiona ndio wenye akili. Kwa hiyo mdogo wangu alipoomba kompyuta ya gemu, pande zote mbili ziliitikia kwa kishindo. Ilikuwa vita.

Mjomba akatuma prosesa kutoka Nairobi, Core i5-9400F, imeviringishwa vitambaa kama kichanga. Akajisifu kwamba amepata yenye F kwa bei nafuu kuliko isiyo nayo. Baba Mdogo, asiyekubali kushindwa na shemeji yake, akashuka basi la Kampala na madabodi ya H110. Soketi ni ileile, LGA1151. Prosesa ikakaa, kifuniko kikabana, Baba Mdogo akapiga makofi. Meza ilikuwa imejaa skrubu na nyaya, hivyo ugali tuliula mkekani.

Tukawasha. Feni zikazunguka, skrini giza.

"Shemeji, huo ni umeme wenu wa Uganda," Mjomba akasema kwenye simu.

"Kwani wa Kenya una sukari?"

Wote wawili wanatumia volti 240, lakini nani angethubutu kusema? Mama, anayeuza dagaa sokoni Busia na kubadili shilingi za nchi mbili kichwani bila kikokotoo, aliuliza jambo moja tu: "Hivi vitu, kuna muuzaji aliyeviona vikiwa pamoja?"

Hakuna.

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana mdogo mno kwa heshima ya Baba Mdogo. "Mzee," akasema, "pini ni 1,151 kwa zote, ila H110 ilitoka 2015, kwa ajili ya prosesa za kizazi cha sita na cha saba. Hii ya Mjomba ni ya 2019. Inataka bodi za mfululizo wa 300." Ikaletwa H310. Tukawasha.

Giza vilevile.

Hapo ndipo F ilipojieleza. Prosesa za Intel zenye herufi hiyo mwishoni hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe. Bila kadi ya picha, skrini haionyeshi kitu. Unafuu wa Mjomba ulikuwa huo. Ikahitajika GTX 1650: inakula wati 75, na matoleo mengi hayadai waya wa ziada kutoka pawasaplai. Bei ilipotajwa, simu za Nairobi na Kampala zote zikakosa mtandao kwa pamoja. Pesa za dagaa ndizo zilizolipa.

Sasa kompyuta inawaka, na pande zote mbili zinadai sifa. H110 iko kabatini, nzima. Mwenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita au cha saba aje Masinya, amuulizie Mama. Shilingi ya Kenya au ya Uganda, zote zinapokelewa.