Cheka, Lakini Kidogo

Elimu ya msingi ya bure ilirudi Kenya Januari 2003 na, kwa bahati njema, haikuwaharibia wafadhili kazi. Sare, viatu na vitabu vya ziada vilibaki.

Uungwana huu una taratibu zake. Mtu na apite kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, siku ya kupigwa picha. Mtoto husimamishwa penye ukuta uliobanduka chokaa. Mlango wa nakshi, hatua tatu pembeni, hautakiwi. Waweza kumchanganya mfadhili. Bibi huombwa, kwa heshima zote, avue bangili. "Cheka, mwanangu, lakini kidogo."

Kisha barua. Mtoto anayesema Kimvita tangu azaliwe huuliza kwa Kiingereza kama theluji imeyeyuka. Bei rahisi mno! Wareno walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 walitaka ushuru. Wafadhili hawa wataka shukrani tu, tena kwa mwandiko mzuri.

Wako waliovuruga mambo. Hilde Back, mwalimu wa Uswidi, alimlipia ada Chris Mburu wa Kenya, naye akafika Harvard, kisha mwaka 2001 akaanzisha mfuko wa elimu kwa jina la mama huyo, hata hawajaonana. Uzembe gani huo?

Mwenye duka wa pale kichochoroni naye hana adabu za ufadhili. Humlipia dadake mtoto yule yule. Picha hataki. Humpa mama bahasha mlangoni, magharibi ikiadhiniwa, akaenda zake msikitini.