Kula kwa Kasia: Tahadhari kwa Asiyejua

Umewaona kwenye televisheni: vijana wamejipanga, wanachapa maji kwa kasia za pande mbili, dakika mbili hazijatimu mmoja wao kashavishwa dhahabu. Nawe ukasema, hii kazi naiweza. Haya, soma kwanza.

Chombo chenyewe kitakuaibisha kabla mpinzani hajakuaibisha. Kayaki ya mtu mmoja haitakiwi kuzidi urefu wa meta 5.20, na uzito wake usipungue kilo 12. Tumbo lake ni la mviringo, halina mkuku, na wala si ngalawa ukategemea mirengu ikushikilie. Inua mkono ujikune pua, umo majini. Siku za mwanzo utaogelea zaidi kuliko kupiga kasia, tena pale pale gatini, mbele ya watoto wanaokupita wakikuonea huruma.

Watu watakusifia mikono. Waache wasifu. Nguvu inatoka mguuni: ukivuta kasia kulia, mguu wa kulia unasukuma ubao uliomo ndani ya chombo, kiuno kinazunguka, mkono unafuata tu. Na katikati ya nyayo kuna kijiti cha usukani. Ukikigusa kwa wasiwasi unaingia njia ya jirani, na matokeo yako yanaweza kufutwa.

Sasa chagua masafa, maana hapa ndipo wengi walipolia. Meta 200 za kayaki ya mtu mmoja ziliingia Olimpiki London 2012. Kwa wanaume alishinda Mwingereza Ed McKeever, aliyesomea uhasibu, kwa sekunde 36 na ushei. Miaka yote ile ya jasho, na mbio zinakwisha hujamaliza kufunga kamba za viatu! Zikapigwa tena Rio na Tokyo, kisha wakubwa wakaziondoa. Paris 2024 hazikuwapo. Mtu kajenga mwili mzima kwa kazi ya nusu dakika, anaambiwa kazi yenyewe imefutwa. Lisa Carrington wa New Zealand, aliyezitwaa kwa wanawake mara tatu mfululizo, hakutetereka: meta 500 alikuwa keshazimudu, na Paris akaondoka na dhahabu tatu. Ushauri wangu ni uwe Lisa Carrington. Ikishindikana, kasome uhasibu.

Jihadhari pia na siasa. Birgit Fischer wa Ujerumani Mashariki alipata dhahabu Moscow 1980 akiwa na miaka 18. Mwaka 1984 nchi yake ikasusia Los Angeles, naye na nguvu zake zote akabaki nyumbani. Baadaye nchi yenyewe ikatoweka kwenye ramani, yeye akaendelea kushinda kwa Ujerumani iliyoungana.

Kwa anayepanga kustaafu kwa heshima, huyu mama ni mfano mbaya kupindukia. Aliaga baada ya 1988, akarudi. Akaaga tena baada ya Sydney 2000, akarudi. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Athens 2004, ana miaka 42 na watoto wawili, akaketi katika kayaki ya wanne pamoja na Carolin Leonhardt, binti ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati wa ile dhahabu ya Moscow. Wakashinda. Ikawa dhahabu yake ya nane ya Olimpiki.

Kwa hiyo ukisikia bingwa wa kayaki anaaga rasmi, usiharakishe kuomba kiti chake.