Heshima kwa Mvujo

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mvujo wa paa haujasifiwa na mtu hata siku moja, na maji unatia vilevile; kwa hiyo hatuna cha kupoteza tukiusifu. Wala siusifu mvujo wowote ule. Ule wa msumari ulioota kutu, au wa bati la urithi lililochoka, una heshima yake, ila ni wa daraja la chini. Ninaouvulia kofia ni mvujo wa maungio: ule unaokaa pale paa la nyumba ya zamani linapokutana na paa la vyumba vilivyoongezwa, na ambao umeingia ndani ya nyumba nyingi za Dar es Salaam kuliko mjumbe wa nyumba kumi.

Tuanze na nasaba, maana mtu hasifiwi bila ukoo. Watu husema mvujo umeletwa na mvua. Huko ni kuukosea adabu. Mvujo huzaliwa kiangazi, Julai au Agosti, jua likiwaka, siku ambayo kila mtu saiti ana furaha. Ukuta umeshapita linta. Mbao za msindano zimeshuka kutoka Mafinga zikinuka dawa. Bati zimeegemezwa ukutani, na mama mwenye nyumba ameshawaambia wakwe waje Desemba, chumba kitakuwa tayari. Shida ni moja tu: paa la zamani halikujengwa likitarajia mgeni. Ukingo wake uko palepale ulipowekwa miaka hiyo, na paa jipya halina budi kuanzia chini yake. Chumba kina upana wa mita 4. Ili bati lilale kwa mteremko wa nyuzi 10, upande wa nje lazima ushuke kama sentimita 70. Lakini ukishuka sentimita 70, mlango wa nje utaingiwa kwa kuinama, na nani anataka kumwona mkwe akiinama? Baada ya majadiliano marefu chini ya mwembe, zinakubaliwa sentimita 20. Hapo ndipo mimba ilipotungwa.

Wazee waliojenga kwa makuti hawakuufanyia mvujo ukarimu kama huu. Waliinua mwamba juu na kuziachia kombamoyo ziteremke kwa kasi, kwa kuwa makuti hayavumilii mteremko wa kubabaisha. Maji yakikawia tu, yako ndani. Bati limetufanya tuamini kwamba maji yatateremka hata tusipoyapa pa kuteremkia.

Sasa tumwangalie mkunga akiwa kazini. Fundi amechuchumaa juu ya kenchi, misumari mitatu imebanwa midomoni. Mama yuko chini, kiganja kimekinga jua.

"Fundi, hapo kwenye maungio maji hayataingia kweli?"

"Mama, ondoa wasiwasi," jibu linatokea pembeni mwa misumari.

Anapiga wa kwanza, nyundo inatoa mlio mzito wa mbao. Wa pili unatoa mlio mwepesi wa bati tupu: umekosa papi. Anaung'oa, anausogeza vidole viwili, anapiga tena, na safari hii unashika. Tundu la kwanza linabaki pale, dogo kuliko punje ya mchele, tena halikuwa mgongoni mwa bati, ambako maji hupita pembeni, bali bondeni, ambako ndiko njia yao. Aliye chini hakuitambua tofauti ya milio. Mvujo uliitambua, ukaweka kumbukumbu.

Sifa yake ya kwanza, basi, ni ukweli. Pale saiti kila mmoja ana sababu ya kupunguza neno. Muuza bati amesema geji 28, risiti imeandikwa 28, na bati lenyewe likishikwa linapepea kama 30. Fundi amesema mbao zote zina dawa. Baba mwenye nyumba amesema alisimamia kazi mwenyewe, na ni kweli alikuwapo, akiwa ndani ya gari na simu. Hata mkaguzi wa majengo, akifika, anahitaji usafiri, na paa limepanda juu mno kwa kiatu chake. Mvujo hauombi nauli wala chai. Unapanda wenyewe, unapita bati kwa bati na msumari kwa msumari, usiku wa manane, kisha unaweka taarifa yake mezani, wakati mwingine mezani hasa, juu ya daftari la mtoto. Waliosema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake walisahau kumtaja anayekuamsha ili uijue.

Sifa ya pili ni subira. Mvujo wenye pupa ungejitokeza Agosti, kwa manyunyu ya bahati, wakati fundi bado anakula ugali wako na ngazi iko ukutani. Huu hauna papara. Husubiri fundi alipwe salio lote. Husubiri silingi ya jipsamu ipigwe, ichongwe maua na kupakwa rangi nyeupe. Husubiri taa za mapambo. Mvua za vuli zinapoanza, kwanza huonyesha doa moja tu, rangi ya chai ya rangi, ili usishtuke. Wiki inayofuata doa limepata mipaka. Kufikia masika, kati ya Machi na Mei, lina mikoa na wilaya.

Ya tatu ni elimu, na hapa ndipo wengi tunaudhulumu sifa. Tulikaa darasani miaka mingi tukiambiwa kwamba chuma hutanuka kwa joto, tukajibu mtihani, tukasahau. Mvujo haukusahau. Bati la chuma la mita 6, joto lake likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi adhuhuri, hurefuka kama milimita 3, na usiku hurudi. Fanya hivyo kila siku, na tundu la msumari linapanuka taratibu bila mtu kuligusa. Mvujo hutufundisha hesabu pia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Upande wa paa la zamani unaofunika mita za mraba 50, mvua ya milimita 40 ikinyesha, humwaga lita 2,000 kwenye maungio, yaani mapipa 10 ya lita 200. Mapipa 10 yanapita kwenye mfereji mwembamba ambao fundi aliukunja kwa magoti kutokana na kipande cha bati kilichobaki. Mwanafunzi gani atasahau somo kama hilo?

Hutufundisha na unyenyekevu wa kutafuta. Maji yakiingia kwenye vale, yaani ule mfereji wa maungio, hayadondoki hapo hapo. Huambaa na papi, yakahamia kwenye kenchi, yakasafiri mita kadhaa gizani, ndipo yakashukia juu ya kitanda. Kwa hiyo anayepanda kuziba pale juu ya kitanda anaziba mahali pazima. Wenye nyumba waliofanya hivyo mara kadhaa wanaweza kukuchorea paa lao kwa macho yaliyofumbwa, jambo ambalo mchoraji wa ramani ya nyumba hawezi.

Ya nne ni umoja wa familia. Nyumba iliyoongezwa vyumba hutawanya watu: watoto kwao, wakwe kwao, kila mtu na mlango wake. Ikigonga saa nane za usiku na mvua ikakaza, mvujo unawakusanya wote chumba kimoja. Kijana anavuta kitanda, dada anakunja godoro, baba mkwe, aliyejengewa mlango asioinamia, ameinama na beseni. Sufuria inalia mlio wake, ndoo ya plastiki wake. Hakuna anayetazama simu. Kikao cha ukoo kilichoahirishwa tangu mwaka jana kinafanyika bila mwaliko, na ajenda ni moja: nani alimleta yule fundi? Hapo ndipo inapokumbukwa kwamba ni ndugu wa shemeji.

Mtu mwenye sifa hakosi marafiki, na rafiki mkubwa wa mvujo ni silikoni. Watu hudhani ni mahasimu. Kumbe silikoni ikipakwa juu ya kutu na vumbi hushika mpaka jua la kwanza kali, kisha huachia pembeni na kutengeneza kijibwawa ambamo maji hupumzika kabla ya kuendelea na safari. Rafiki wa pili ni mtindo wa nyumba za kuficha bati. Ukuta umepandishwa kuzunguka paa, nyumba inaonekana boksi safi la kisasa, na nyuma ya ukuta ule mfereji uliofichwa unapokea majani ya mwembe wa jirani. Majani yakiziba bomba, maji hayana pa kwenda ila ndani. Mvujo haujawahi kupata makao ya hadhi kama hayo.

Wapo watakaosema: sawa, lakini unaharibu mali. Unaozesha mbao, unabomoa jipsamu, unaingia kwenye nyaya za umeme, na hapo hakuna mzaha. Ni kweli. Lakini tuhukumu kwa haki. Mteremko wa sentimita 20 haukupangwa na mvujo. Tundu halikutobolewa na mvujo. Wala si mvujo uliolipa salio lote siku ambayo mbingu ilikuwa kavu. Ulichofanya ni kusoma kwa sauti kile kilichokuwa kimeshaandikwa.

Zipo njia za kuukosesha kazi, nazitaja kwa masikitiko. Kabla ya kununua hata bati moja, amua kimo cha paa jipya kwa kuanzia kwenye mteremko, mlango ufuate. Au panda juu zaidi, ulivue lile la zamani upande mmoja na upaue yote mawili kwa pamoja. Vale ilazwe juu ya ubao mpana usiopinda, bati lake lipite chini ya bati za pande zote mbili. Paa jipya linapogusa ukuta, ukuta uchimbwe mfuo, bati la kukinga maji liingizwe humo na kuzibwa kwa sementi, lisigandishwe juu juu. Fundi akikosa papi, tundu lizibwe saa ile ile, na wewe uwepo. Kisha, kabla silingi haijapigwa, leta mpira wa maji, mwagia maungio kwa nusu saa nzima, na mtu akae ndani gizani akitazama juu.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Kwenye miradi mikubwa, mwenye kazi huzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka kipindi cha kuangalia kasoro kiishe. Hakuna sheria inayokuzuia kufanya hivyo kwenye vyumba vyako viwili. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba sehemu ya fedha italipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi mzuri atanung'unika kidogo, kisha atairudia vale bila kuambiwa. Akijibu tu "ondoa wasiwasi", mshukuru, mpe soda, na hela ibaki mfukoni mpaka vuli.