Chupa Iliyofichwa Kabatini

Julai Kiriaini ni mwezi wa sweta mbili. Ukungu unashuka kutoka Nyandarua, unatua juu ya majani chai, na kuna siku jua hatulioni hadi saa saba. Naitaja baridi hiyo kwa sababu ndiyo iliyoanzisha mkasa wote.

Binti yetu yuko Gredi ya Sita. Katika Sayansi na Teknolojia walikuwa wamefika kwenye kuvu: uyoga, ukungu wa mkate, hamira. Mwalimu akawaagiza waonyeshe kwamba hamira ni kiumbe hai, kisha waandike walichokiona kwa macho yao. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, wazazi tumezilalamikia sana kazi za namna hii, nami najua zinavyomalizwa: mzazi anakwenda saiba, anachapishiwa picha ya rangi, mtoto anaibandika. Picha nilikuwa nimeshaileta. Binti akaitazama, akanirudishia. "Baba, hii ni hamira ya mtu mwingine."

Tukatafuta vifaa: chupa ya plastiki ya nusu lita, sukari vijiko viwili, pakiti ya hamira, baluni. Jioni ya kwanza alimimina maji yaliyochemka. Baluni ikalala kama soksi. Jioni ya pili akatumia maji ya tangi. Saa mbili zikapita, kimya. Sababu niliijua na ulimi ulikuwa unaniwasha, maana mimi ni mtoto wa 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985 na uliotulea kwa kukariri. Niliandika daftarini kwamba hamira huhitaji sukari, unyevu na joto la wastani, nikapata alama zangu, na hamira yenyewe sikuigusa hadi nilipooa. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyamaza. Binti akakaa kitako akiziangalia chupa zake mbili, mwishowe akasema, "Ya kwanza niliichoma. Ya pili inasikia baridi."

Jioni ya tatu aliyapima maji kwa kiwiko, jinsi alivyomwona mama yake akipima maji ya kumwogesha mdogo wake. Haukupita muda mrefu, povu likaanza kupanda, rangi ya uji mwepesi. Ukitega sikio shingoni mwa chupa, unasikia vipovu vikipasuka kimojakimoja. Baluni ikatikisika, ikajinyanyua kutoka ubavuni, ikasimama wima. Msichana alipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Hamira inakula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi na pombe kidogo. Louis Pasteur aliwaonyesha wanasayansi wenzake katika miaka ya 1850 kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai. Usiku ule sikuyataja hayo. Tulikaa tu tukitazama.

Kitinda mimba wetu ndiye aliyeivuta baluni ikararuka. Dada yake, kwa kuogopa gesi isipotee, akaongeza sukari, akakaza kifuniko cha chupa, akaificha kwenye kabati lililoegemea ukuta wa jikoni, mahali penye joto. Hakumwambia mtu. Ndani ya kabati hilo mama yangu, cucu wa watoto, alikuwa ametundika nguo zake za kanisani, zimeshapigwa pasi.

Jumamosi usiku nililifungua nikitafuta kiberiti. Nikaibonyeza chupa kwa kidole gumba. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikazungusha kifuniko. Kilinitoka mkononi kwa kishindo, kikapasua balbu, na gizani nikasikia povu likitiririka rafu kwa rafu. Harufu ya pombe ikajaa nyumba. Nilipowasha taa ya simu, blauzi nyeupe ya cucu na kitambaa chake cha kichwa vilikuwa vimelowa. Ingekuwa chupa ya glasi na ikapasuka, tungeamkia hospitalini. Hilo nimewaambia watoto wote wawili bila kuwabembeleza: kinachotoa gesi hakifungwi.

Binti alisimama mlangoni akitetemeka. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimkemee, nikamkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ungali moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza kwa nini, alichekwa darasani. Hakuliacha swali. Mwaka 1969 yeye na mhadhiri wa fizikia Denis Osborne walilichapisha, na hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina lake. Nikafunga kinywa.

Cucu akaja na tochi. Alinusa kitambaa chake, akanusa chupa.

"Guka, babu yenu, alipotengeneza pombe ya muratina," akamwambia mjukuu wake, "mdomo wa kibuyu haukukazwa."

Akamweleza habari za tunda la muratina, linavyokaushwa na kutiwa kwenye maji ya asali karibu na moto, na jinsi lilivyohifadhiwa kwa ajili ya pombe nyingine, kwa kuwa lililokwisha kutumika ndilo lililofanya kazi haraka.

"Kwa hivyo hamira inaishi ndani ya tunda, Cucu?"

"Sisi tulisema tunda limeamka."

Jumapili, baada ya ibada aliyoiendea na kitambaa cha zamani, cucu alikata uzi wa mkonge aliokuwa akisukia kiondo. Binti akavisha chupa baluni mpya, na kila baada ya dakika kumi akawa anaizungushia uzi na kupiga fundo pale unapofikia. Jioni tukautandaza mezani. Mafundo ya kwanza yalikuwa yameachana, kisha yakakaribiana, na la saba na la nane yakakaa mahali pamoja. Aliyagusa hayo mawili mara kadhaa.

"Zimekufa," akauliza, "au zimeshiba?"

Cucu akamsogezea bakuli la sukari.