Mguu wa Okoye

Wakanda iko Afrika Mashariki. Filamu za Marvel zenyewe zinasema hivyo, na ukiiwahi ramani inayopita haraka kwenye skrini utaiona nchi hiyo imechomekwa huku huku kwetu, upande wa Ziwa Turkana. Kwamba wananchi wake wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini badala ya Kiswahili, hilo tumeshalisamehe, labda walihamia. Nisichoweza kusamehe ni kwamba mdoli wa jemadari wa Wakanda, mtu wa mitaa yetu hii, mtoto wa Ohio anampata kirahisi kuliko mtu mzima wa Bagamoyo mwenye mshahara wake.

Ndiyo, mtu mzima. Tulimalize hilo mapema. Ninakusanya midoli ya filamu, ile ya inchi sita inayokunja goti, kiwiko mpaka kifundo cha mguu. Siichezei. Naipanga kabatini, naifuta vumbi, naigeuza ikatazama upande mwingine, basi. Jirani yangu anafuga njiwa wa mapambo na hakuna aliyewahi kumuuliza ataacha lini. Lakini mgeni akikaa sebuleni kwangu hutazama kabati, akatazama watoto, akarudi kabatini, kisha akauliza kwa upole: “Hivi vya kwao?” Mama watoto hujibu kabla sijafungua mdomo: “Vya baba yao.” Chai inanyweka kimya kimya.

Filamu ya Wakanda, Black Panther, ilipotoka Februari 2018, Kisumu walipata onyesho lao la uzinduzi. Walistahili: Lupita Nyong’o ni binti yao, na baba yake, Anyang’ Nyong’o, ndiye gavana. Sisi wa Bagamoyo tulipanda daladala, tukapita Zinga, Kerege, Mapinga, tukasota kwenye foleni ya Tegeta, tukashuka Makumbusho na kuungaunga mpaka Mlimani City. Nakia wa Lupita alinipendeza, Killmonger alinitisha, lakini aliyenimaliza ni jemadari Okoye wa Danai Gurira. Kipara chenye michoro, vazi jekundu, mkuki mrefu, na lile jicho la mama anayemsubiri konda amrudishie chenji yake. Alipolivua wigi na kumrushia adui usoni, nilijua kabati langu lina pengo.

Hasbro, wanaotengeneza midoli ya Marvel Legends, walikuwa na habari njema na habari mbaya. Njema: Okoye yupo. Mbaya: wakati ule alikuwa hauzwi peke yake. Okoye ulikuwa unamuunga mwenyewe. Wamemkata vipande na kuvigawa kwenye maboksi ya wenzake, huku kiwiliwili, kule mkono, pale mguu, na ukishanunua wote ndipo unapata mwanamke mzima. Ujanja huu una historia. Toy Biz, walioanzisha Marvel Legends mwaka 2002 kabla Hasbro hawajaichukua, walimkata hivyo hivyo Galactus mwaka 2005. Galactus namwelewa. Ni jitu linalokula sayari, haliingii kwenye boksi. Okoye ni mwanamke wa umbo la kawaida.

Usidhani wenzake hao wote ni wa Wakanda. T’Challa, Black Panther mwenyewe, yumo, Nakia yumo, Killmonger yumo. Baada ya hapo wanafuata Iron Man, Black Bolt na Namor, ambao kwenye filamu ile hawakukanyaga hata kwa bahati mbaya. Namor alikuja kuonekana katika Wakanda Forever, Novemba 2022, amechelewa zaidi ya miaka minne. Lakini ukimwacha yeye dukani, umeacha na kiungo cha Okoye. Kila mmoja aliuzwa Marekani kwa dola 20 hivi, kwa chenji ya wakati ule kama shilingi 45,000. Zidisha mara sita. Usizidishe mbele ya mama watoto.

Hiyo ni bei ya huko. Ili ifike huku, duka la mtandaoni linataka jina la mtaa na namba ya nyumba. Anwani yangu, kwa mtu anayetaka kweli kufika, ni: pita msikiti, ukiona mwembe kata kulia, ulizia. Maduka mengi hayafiki hata hapo. Yanakuambia tangu mwanzo kwamba nchi yako hawatumi. Yanayokubali hutoza nauli inayomzidi msafiri, kisha unakuja ushuru wa forodha, na juu ya vyote hivyo VAT ya asilimia 18. Black Bolt ni mtu asiyeongea, maana sauti yake ikitoka inabomoa miji. Kumbe anaweza kukubomoa bila kufungua mdomo.

Kuna watakaosema nenda Kariakoo. Nimekwenda. Kule Black Panther yupo, anawaka taa kifuani na kuimba, na kwenye pakiti hiyo hiyo amekaa na Batman na Superman, watu wa kampuni nyingine kabisa, wote kwa noti moja ya elfu tano. Watoto wangu wanaye. Wanampenda kuliko wote walioko kabatini, na sitaki kulizungumzia.

Kwa hiyo mkusanyaji wa huku hakusanyi midoli. Anakusanya wapagazi. Na mji huu unaijua kazi hiyo. Karne ya 19 pembe za ndovu ziliteremka hapa mabegani mwa watu kutoka Ujiji na Tabora, na jengo la Caravanserai walikopumzikia bado limesimama katikati ya mji. Siku hizi mzigo unakuja kwa mabegi: binamu anayerudi likizo kutoka Minnesota, kijana anayefuata bidhaa Guangzhou, na kwa upande wangu mimi, shangazi yangu wa Muscat.

Mpango ulikuwa safi. Midoli yote sita ingetumwa kwake Muscat, yeye angekuja nayo akija kwenye harusi moja huku. Akaja. Nilimkuta sebuleni amekaa juu ya mkeka, begi limefunguliwa, nyumba nzima inanukia udi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Midoli yako hii hapa, imenitoa jasho.”

Akaanza kutoa. T’Challa alitoka ndani ya soksi. Nakia alikuwa amefungwa pamoja na kanzu za watoto. Iron Man alikuwa katikati ya pakiti mbili za tende, na Killmonger alifukuliwa pembeni ya bakuli la halua, kiganja kimoja kimeshanasa. Nikangoja. Wakafuata Black Bolt na Namor, kisha viungo vya Okoye, lakini boksi hata moja halikutoka.

“Shangazi, maboksi yake?”

“Yepi, yale matupu? Makubwa hivi, ndani plastiki na upepo. Ndege wananipa kilo 30 tu, mwanangu. Nibebe upepo wa Muscat nije kukukabidhi Bagamoyo?”

Kwa asiyejua: boksi ndiyo nusu ya mali. Kuna wakusanyaji wanaonunua mdoli huo huo mara mbili, mmoja wa kufungua na mmoja wa kutofunguliwa mpaka kiama, na boksi likijikunja pembe kidogo tu bei inaporomoka. Wangu walikuwa wamevuka bahari wakiwa uchi. Nikameza mate, nikaanza kupanga viungo vya Okoye kwenye mkeka. Kichwa, kiwiliwili, mikono, mkuki, mguu wa kulia.

“Shangazi, kulikuwa na mguu mwingine.”

Akashika kidevu. “Ule uliokatika?”

“Haukukatika, shangazi.”

“Umekatika, nimeuona mimi. Boksi lina mtu mzima, ana miguu yake miwili, halafu pembeni mguu wa tatu. Nikasema hawa wamemuuzia mwanangu kitu kibovu, wamemchomekea na mguu wa maiti mwingine. Nikautupa. Nilitaka hata kuwapigia simu wakurudishie hela zako.”

Shangazi halaumiwi. Kwanza ni shangazi. Pili, mtu ambaye hajaambiwa lolote akikuta mguu wa ziada ndani ya boksi, kuutupa ndiyo akili. Wenye kasoro ni waliobuni biashara ya kuuza watu kwa viungo. Hawa jamaa wa midoli hawajaanza leo kuwatesa wateja. Krismasi ya 1977 kampuni ya Kenner haikuwahi kutengeneza midoli ya Star Wars kwa wakati, kwa hiyo ikauza bahasha ya kadibodi yenye cheti ndani: lipa sasa, Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2 watakuja kwa posta mwakani. Na wazazi wakanunua! Watoto wa Marekani walipata boksi bila midoli, mimi nimepata midoli bila boksi. Tukikutanishwa tutatimia.

Hapa mtaani kuna mzee aliyewahi kutembeza wageni kule misheni ya Wakatoliki. Nilipomsimulia habari za mguu alinitazama kwa muda.

“Livingstone alifika hapa Februari 1874,” akasema. “Watumishi wake, Chuma na Susi, na wenzao wameibeba maiti yake kutoka Chitambo, miezi na miezi. Moyo wake hawakuja nao, waliuzika kule kule. Umewahi kusikia Mzungu amelalamika kuwa mzigo umepungua? Wewe mguu wa plastiki unakunyima usingizi.”

Ukishajibiwa hivyo huna pa kwenda ila kwa fundi. Nikampeleka Okoye kwa mchonga vinyago, mmoja wa wale wanaouzia watalii. Akamgeuza juu chini, akampuliza vumbi.

“Nani huyu, mwalimu?”

“Okoye. Mlinzi wa mfalme.”

“Mfalme gani analindwa na mtu wa mguu mmoja?”

“Ndiyo nimekuletea.”

Akachukua kipande cha mpingo. Nikamwonyesha mguu mzima wa kulia unavyojikunja, pini inavyopita kwenye goti, kifundo kinavyozunguka. Akausogeza mbele, akausogeza nyuma, akaurudisha mkononi kwangu.

“Goti la nini? Mlinzi anakaa?”

Niliporudi kuuchukua, kazi ilikuwa imekwisha na ilikuwa nzuri kuliko Okoye mwenyewe. Mguu mweusi unaong’aa, shavu la mguu limetuna, na chini vidole vitano, kila kimoja na kucha yake. Nikamkumbusha kwamba Okoye anavaa viatu. Fundi alinijibu bila kuinua macho: viatu havinunuliwi, vidole ndivyo vinavyonunuliwa. Mpingo nao ni mti mzito, ukiutupia majini unazama. Tangu hapo Okoye wangu husimama ameegemea kushoto, na usiku ukisikia kitu kimeanguka kabatini hakuna haja ya kuwasha taa.

Siku ile ya kumchukua, alikuwa hajakabidhiwa kwangu bado alipopita mtalii mmoja, akamwona mezani pembeni ya vinyago vingine, akauliza bei. Fundi akataja. Mtalii akaingiza mkono mfukoni. Ilibidi nimnyakue dada wa watu kabla hajasafirishwa Ulaya na mguu wake mpya. Lakini fundi alikuwa ameshasikia harufu ya soko. Siku hizi ana Okoye wake, mpingo mtupu kuanzia kipara mpaka kucha, mkuki wa waya, magoti yasiyokunjika. Hawaji kwa vipande, hawaulizi anwani, na hawajawahi kuisha. Nilimuuliza kama haogopi mambo ya hakimiliki. Akaniuliza wenye filamu walimlipa nani walipouchukua mkuki. Ruth E. Carter, aliyepata Oscar ya mavazi mwaka 2019 kwa filamu hiyo, amesema wazi kuwa mavazi ya walinzi wa mfalme aliyachota kwa watu kama Wamaasai, kwa hiyo fundi hakubahatisha.

Joto la pwani nalo lina sehemu yake. Mikuki ya plastiki hupinda ikikaa karibu na dirisha, na dawa yake ni kuitumbukiza kwenye maji ya moto, kuinyoosha, kisha maji baridi. Mama watoto aliingia jikoni akakuta sufuria inatokota.

“Unapika nini, baba watoto?”

“Mkuki.”

Akarudi alikotoka.

Chadwick Boseman, aliyemwigiza T’Challa, alipofariki Agosti 2020, mama watoto ndiye aliyemtoa T’Challa kabatini, akamfuta, akamweka mbele ya wote. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Nilipomweleza baadaye kwamba Hasbro walitoa na safu ya pili, ambayo ukiimaliza unamuunga M’Baku, alitaka kujua kitu kimoja tu: huyo naye anakuja kwa vipande? Nikamwambia ndiyo, na ni jitu la mtu. Akasema basi shangazi atahitaji kilo 40.

Kwa hiyo hili ni tangazo. Kama wewe ni mkusanyaji mwenzangu, uko Dar, Tanga, Mombasa au Muscat, na una mguu wa kushoto wa Okoye umekaa bure, nina Iron Man wa kubadilishana. Hana boksi, ila ananukia udi. Na wewe unayebebeshwa mzigo wa mtu kuja huku, chochote utakachokikuta ndani ya boksi, hata kikiwa sikio tupu, tafadhali usikitupe.