Jinsi ya Kumwonyesha Bosi Makala Ambayo Haijatoka

Ndugu mwandishi, makala imekamilika. Imo ndani ya WordPress, bado ni rasimu, na bosi anataka kuiona kabla ya watu. Ukimpelekea maandishi matupu ya Word atayakataa. Anataka aione ikiwa imevaa kabisa: picha juu, kichwa kikubwa, nembo ya chombo pembeni. Ni ombi halali. Mwongozo huu utakusaidia kulitimiza kwa siri, yaani siri ile ya ofisi zetu, ambayo mama ntilie wa jirani huwa nayo kabla ya saa saba mchana.

Kitufe cha kuhakiki kipo. Ukikibonyeza, makala inafunguka vilevile msomaji atakavyoiona, na mwisho wa anwani yanajitokeza maneno preview=true. Nakili anwani hiyo, mtumie bosi kwa WhatsApp. Ataifungua na kuambiwa ukurasa haupo, kisha atapiga simu.

"Mwanangu, umeifuta?"

"Hapana mzee, ipo."

"Ipo wapi, mbona mimi siioni?"

Haioni kwa sababu mfumo humwonyesha rasimu mtu aliyeingia kwa akaunti yenye ruhusa. Wengine wote huambiwa hakuna kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Bosi akaunti anayo, tena ya cheo cha juu kuliko wote, inayoweza hata kuifuta tovuti nzima. Alifunguliwa siku ya kukata utepe na hajaingia tena tangu hapo. Neno la siri analo kijana aliyeijenga tovuti, ambaye siku hizi yuko Kigali na hapokei simu za watu anaowajua.

Usithubutu kumwambia mzee abonyeze mahali pa kuomba neno la siri jipya. Utaonekana umeota mapembe.

Njia ya wakubwa ni kuchapisha kwa dakika moja. Unabonyeza Chapisha, unampigia bosi, anatazama, unairudisha iwe rasimu, basi. Uzuri wa dakika hiyo ni kwamba haipotei bure. Mlisho wa RSS unaibeba makala. Kama tovuti imeunganishwa na orodha ya barua pepe, waliojiandikisha wanapelekewa palepale, na barua ikishafika kwenye sanduku la mtu huwezi kumfuata nayo nyumbani kwake. Ukurasa wa Facebook uliotegwa kurusha kila jipya nao unarusha. Kache inabaki na nakala. Ukiwahi kuirudisha rasimu, wasomaji watakuta ukurasa haupo, nao watafanya alichofanya bosi, ila wao hawatakupigia wewe. Watatumiana picha za skrini. Bosi mwenyewe dakika hiyo alikuwa kwenye foleni ya Ubungo na simu haina bando.

Ukiogopa, ifunge makala kwa neno la siri. WordPress inakuruhusu, na inafanya kazi vizuri mno: mwili wa makala unafichwa, kichwa kinabaki ukurasa wa mbele kikisomwa na kila mpita njia. Kama kichwa chako ni "Walivyokula Fedha za Kisima", umefanikiwa kuficha maelezo ya ziada. Neno la siri lenyewe liwe jina la ofisi na mwaka, ulitume kwenye grupu la kazini ambamo walioacha kazi bado wamo na husoma kwa bidii kuliko walioajiriwa. Na kompyuta iliyoingiziwa neno hilo hulikumbuka kwa siku 10, jambo la faraja kwa anayefuata pale intaneti kafe.

Wenye Drupal wana mtihani wao. Mandhari zake nyingi za asili huipa makala isiyotoka usuli wa rangi ya waridi. Bosi akifanikiwa kuingia, hatasoma hata mstari mmoja; atauliza nani kaidhinisha rangi hiyo.

Ofisi yenye bajeti hujenga tovuti ya majaribio na kuiacha bila kufuli, kwa imani kwamba asiyepewa anwani hawezi kufika. CNN waliipima imani hiyo mwaka 2003. Taazia za watu waliokuwa hai zilikutwa kwenye eneo lao la majaribio lisilo na neno la siri, na ya Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani wakati huo, iliyomiminwa katika kiolezo cha Mama Malkia wa Uingereza, ilimtaja kuwa bibi kipenzi wa Waingereza. Novemba 2025 ikawa zamu ya OBR, ofisi inayokagua hesabu za bajeti ya Uingereza. Ripoti ilipakiwa mapema kwenye tovuti yao ya WordPress bila kuwekewa kiungo popote, watu wakaikisia anwani kwa kufuata mtindo wa ripoti iliyopita, na soko likaisoma kabla waziri wa fedha hajasimama bungeni. Mwenyekiti alijiuzulu wiki haijaisha.

Kuna watakaokushauri uweke programu-jalizi ya Public Post Preview. Inatoa kiungo kinachofungua rasimu hiyo moja tu, bila akaunti, na kwa kawaida kinakufa baada ya saa 48. Mfumo wa Ghost una kiungo cha namna hiyo ndani yake. Kaa navyo mbali. Bosi ataona makala, atasema sawa, na kile kikao cha kumtafuta aliyevujisha kitakosa ajenda. Posho za watu utalipa wewe?

Likishatokea la kutokea, sema ni tatizo la kiufundi. RFI, hawa hawa wenye idhaa ya Kiswahili, walitumia maneno hayo Novemba 2020, walipokuwa wakihamia mfumo mwingine wa tovuti na taazia kama mia moja zikatoka zenyewe: Malkia Elizabeth, Pelé, Clint Eastwood, wote wakaombolezwa wakiwa wazima. Andika tangazo lako la kuomba radhi leo, ungali umetulia, ulihifadhi rasimu. Hilo bosi hataomba kulihakiki. Atataka tu jina lake lisiwemo.